Kisukari Huziba Njia za Damu ya Moyo

Leo tutazungumza juu ya magonjwa mawili. La kwanza ni kisukari. La pili ni ugonjwa wa moyo. Watu wengi hudhani magonjwa haya hayahusiani. Kumbe kisukari ni moja ya mambo makubwa yanayouharibu moyo. Mtu mwenye magonjwa yote mawili, akitibu moja na kuliacha jingine, hajajitibu.

SWALI LA MZEE

Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa Puge. Tusimpe jina, kwa sababu wako wengi kama yeye.

Mkulima huyu ana miaka 58. Analima mpunga, karanga na viazi. Mwaka mmoja alianza kusikia kifua kinabana kila alipolima. Akipumzika, kinaachia. Alikwenda hospitali. Daktari alimwambia kuwa mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba. Akapewa dawa za moyo. Alizimeza vizuri, na kifua kikapata nafuu.

Lakini palikuwa na mambo mengine ambayo hakuyasema. Alikuwa anakunywa maji mengi. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda kukojoa. Alikonda, ingawa alikula vizuri. Alifikiri kuwa kiu ni ya joto, na kwamba kukonda ni uzee.

Siku moja alikwenda zahanati kupima damu yake.

"Shikamoo baba," muuguzi alisema.

"Marahaba mwanangu."

Muuguzi alimchoma kidogo kwenye kidole. Akaweka tone la damu kwenye mashine. Mashine ilionyesha 14.

"Baba, hii ni sukari nyingi," alisema. "Una kisukari."

Mzee alishangaa. "Mwanangu, mimi ugonjwa wangu ni wa moyo. Sukari inahusika vipi na moyo?"

Ndugu msomaji, hilo ni swali zuri. Makala hii inalijibu.

MOYO NAO UNAHITAJI POSHO

Moyo ni nyama yenye nguvu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kwa siku moja, usiku na mchana, moyo hupiga kama mara 100,000. Kazi yake ni kusukuma damu. Damu hupeleka chakula na hewa safi katika kila sehemu ya mwili.

Watu wengi hufikiri kuwa moyo hauwezi kukosa damu, kwa sababu umejaa damu. Sivyo. Hebu tukumbuke wapagazi wa zamani.

Katika karne ya 19, misafara ilitoka Tabora kwenda Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walirudi bara na nguo, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Lakini mpagazi hakushiba kwa sababu ya mzigo aliobeba. Hata angebeba gunia la mtama, asingeshiba kwa kulibeba. Ilibidi apewe posho yake, ale, ndipo aendelee na safari.

Moyo ni kama mpagazi huyo. Unasukuma damu ya mwili mzima, lakini nao ni lazima upate damu yake. Damu hiyo hufika kwa mishipa maalumu. Mishipa hiyo imetanda juu ya moyo. Mkubwa mmoja uko upande wa kulia, na mwingine upande wa kushoto. Ule wa kushoto hugawanyika katika matawi mawili makubwa. Katika makala hii tutaiita mishipa inayolisha moyo.

Mishipa hiyo si minene. Nafasi ya ndani ya ile mikubwa ni kama milimita 3 au 4 tu. Kwa hiyo uchafu kidogo tu waweza kuleta taabu.

SUKARI INAVYOHARIBU MFEREJI

Sasa tuone kisukari kinavyofanya kazi.

Chakula tunachokula, kama ugali, wali na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni nguvu ya mwili. Lakini haiwezi kutoka kwenye damu na kuingia mwilini vizuri bila msaada. Msaada huo huitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kwa mtu mwenye kisukari, insulini haitoshi, au ipo lakini mwili hauisikii. Sukari hubaki katika damu, na hurundikana.

Sukari nyingi katika damu haikai bure. Inaharibu.

Wakulima wa mpunga wanaelewa habari za maji na mfereji. Mfereji ukiwa safi na kingo zake zikiwa imara, maji hufika hadi jaruba la mwisho. Kingo zikimomonyoka, tope hujaa. Maji hupungua. Siku moja donge la udongo huanguka na kuziba kabisa. Majaruba ya chini hukauka na mpunga hufa.

Mshipa wa damu ni kama mfereji huo. Ndani yake umepakwa ngozi laini sana. Ngozi hiyo ndiyo ukingo wake. Mambo manne hutokea pale sukari inapozidi kwa miaka mingi:

1. Ngozi laini ya ndani huumia. Haiwezi tena kuulinda mshipa.

2. Mafuta ya ndani ya damu, yanayoitwa lehemu, hupenya pale palipoumia. Hujikusanya katika ukuta wa mshipa. Mshipa huvimba kwa ndani na nafasi ya kupita damu hupungua. Hili ndilo tope la mfereji.

3. Ukuta wa mshipa huwa mgumu. Hauwezi tena kupanuka vizuri wakati moyo unapotaka damu zaidi, kama vile mtu anapolima au kupanda mlima. Hapo kifua hubana.

4. Damu huwa rahisi kuganda. Siku uvimbe wa mafuta unapopasuka, damu huganda mahali hapo. Donge la damu huziba mshipa kabisa. Sehemu ya moyo iliyokuwa inalishwa na mshipa huo hukosa damu, na huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mtu asiye na kisukari naye anaweza kupata ugonjwa huu. Lakini kwa mwenye kisukari kuna tofauti. Kwanza, humpata mapema zaidi. Pili, mara nyingi hauharibu sehemu moja tu. Huharibu mishipa kadhaa kwa pamoja, tena kwa urefu, na hata matawi yake madogo. Ni kama mfereji uliojaa tope tangu juu hadi chini. Kuuzibua ni kazi kubwa kuliko kuondoa tope la mahali pamoja.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kuwa mwenye kisukari ana hatari ya kupata ugonjwa wa moyo kama mara mbili kuliko asiye nacho. Kwa wanawake kisukari huongeza hatari hiyo zaidi kuliko kwa wanaume. Kwa hiyo akina mama wasifikiri kuwa ugonjwa wa moyo ni wa wanaume tu.

HATARI ISIYOUMA

Ndugu msomaji, sehemu hii usome polepole.

Watu wengi wanajua kuwa mshtuko wa moyo huleta maumivu makali ya kifua. Ni kweli. Lakini kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu. Ndiyo maana wengine wenye kisukari huchomwa na mwiba mguuni na hawasikii. Hali kadhalika, moyo unaweza kukosa damu na mwenyewe asisikie maumivu ya kifua. Au asikie kidogo tu.

Badala ya maumivu, anaweza kuona dalili hizi:

- Kukosa pumzi ghafla, hata bila kazi nzito.
- Kutoka jasho la baridi.
- Kuchoka sana ghafla, mwili ukalegea.
- Kichefuchefu au kutapika, au tumbo la juu kubana kama kiungulia.
- Maumivu ya taya, shingo, bega au mkono.
- Kizunguzungu au kuzimia.

Mtu wa namna hii akianguka shambani, watu husema amerogwa, kwa kuwa jana alikuwa mzima. Hakuwa mzima. Mfereji ulikuwa unajaa tope kwa miaka mingi. Jana hapakuwa na maumivu ya kumwonya. Tukikaa kumtafuta mchawi, saa zinapita, na nyama ya moyo inaendelea kufa. Katika ugonjwa huu kila saa ni muhimu.

UGONJWA HUU UKO KWETU?

Mwaka 1973, nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu. Walijifunza juu ya malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Walichimba vyoo na kufyeka majani. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na bado inatufaa. Lakini wakati ule kisukari kilikuwa kigeni vijijini.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima watu katika vijiji 6 vya Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 1989. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 walipimwa watu wa sehemu mbalimbali za nchi, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Karibu watu 9 kati ya 100 walikutwa na sukari nyingi katika damu. Namna ya kupima haikuwa ile ile, na safari hii watu wa mijini walikuwamo. Hata hivyo, ni wazi kuwa ugonjwa umeongezeka.

Sababu tunaziona. Puge iko katikati ya Nzega na Tabora, na barabara ya lami inapita. Barabara imetuletea faida nyingi. Imeleta pia soda, maandazi na mafuta ya kukaangia kila siku. Pikipiki imepunguza kutembea. Na watu sasa wanaishi miaka mingi zaidi. Hatuwezi kurudi nyuma. Lakini tunaweza kuwa waangalifu.

MAMBO YA KUFANYA

Mwaka 2003 madaktari wa Denmark walitoa matokeo ya uchunguzi mmoja. Waliwafuata wagonjwa 160 wa kisukari kwa karibu miaka 8. Nusu yao walitibiwa kwa namna ya kawaida. Nusu nyingine walitibiwa kwa bidii zaidi, mambo yote kwa pamoja: sukari, shinikizo la damu, lehemu, chakula, mazoezi na kuacha sigara. Katika kundi la pili, hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa ilipungua kama kwa nusu. Maana yake ni kwamba usilinde ukingo mmoja wa mfereji, linda yote.

Sasa nasi tufanye hivi:

Pima sukari. Kama una ugonjwa wa moyo, omba upimwe sukari. Kama una miaka zaidi ya 40, au una unene, au mzazi wako ana kisukari, pimwa pia. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya mtu mwenye afya huwa chini ya 6.1. Ikifika 7 au zaidi, na siku nyingine ikawa hivyo tena, ni kisukari.

Pima shinikizo la damu. Shinikizo kubwa husukuma na kumomonyoa kingo za mshipa. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi kila unapopimwa, unahitaji msaada wa tabibu. Punguza chumvi katika mboga.

Meza dawa kila siku. Dawa za sukari, za shinikizo, za lehemu na za moyo zina kazi tofauti. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Ukitumia dawa za miti, mwambie tabibu. Usiziache za hospitali.

Kula kwa kipimo. Huna haja ya chakula cha gharama. Ugali wa mtama au wa dona unafaa kuliko wa sembe, lakini usijaze sahani. Ongeza mboga: mlenda, majani ya kunde, nsansa, mchicha. Kula maharage, choroko, dengu na dagaa. Punguza mafuta ya kukaangia. Wali, viazi na michembe si sumu, lakini hugeuka sukari. Kula kidogo.

Usidanganyike na asali. Mkoa wa Tabora unasifika kwa asali nzuri. Wengine husema asali haina madhara kwa mwenye kisukari kwa sababu inatoka porini. Si kweli. Asali nayo ni sukari, na hupandisha sukari ya damu. Maembe matamu nayo yaliwe kwa kiasi.

Acha kuvuta tumbaku. Mkoa wetu unalima tumbaku nyingi. Kuiuza ni jambo moja, kuivuta ni jambo jingine. Moshi wake huumiza ile ngozi laini ya mshipa na kugandisha damu. Kisukari na sigara pamoja ni hatari juu ya hatari.

Fanya kazi za mwili. Kutembea nusu saa kwa siku husaidia mwili kutumia sukari. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo amuulize tabibu kwanza kiasi cha kazi kinachomfaa. Kifua kikibana, aache kazi na apumzike.

Jihadhari na sukari kushuka. Anayechoma insulini au kumeza vidonge fulani vya kisukari asikae na njaa. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari au chai tamu mara moja. Hapo sukari ni dawa. Kisha apelekwe zahanati.

Hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, zina madaktari wa moyo. Lakini hizo ziko mbali na Puge. Sukari hupimwa karibu na nyumbani. Tuanzie hapo.

MZEE WETU ALIFANYA NINI?

Turudi kwa mkulima wetu. Muuguzi alipomweleza mambo haya, alimwambia kitu kimoja zaidi.

"Baba, usiyaweke moyoni peke yako. Mwambie na mama nyumbani. Siku ukizidiwa, huenda wewe mwenyewe usijue."

Mzee alifanya hivyo. Jioni alikaa na mkewe akamweleza dalili zote, moja baada ya nyingine.

Miezi mingi ilipita. Wakati wa kupanda mpunga, mzee alikuwa katika jaruba. Mara akakosa pumzi. Jasho la baridi likamtoka. Kifua hakikuuma.

"Ni uchovu tu, mama watoto," alisema. "Nitakaa kivulini kidogo."

"Hapana, baba watoto," mkewe alijibu. "Haya ndiyo yale uliyonieleza."

Hakungoja. Hakumwacha atembee wala apande baiskeli. Alimkalisha, akamlegezea nguo, akamtuma kijana wao kutafuta gari. Tabibu alimpima, akampa aspirini atafune, akampeleka hospitali siku ile ile. Moyo wake ulikuwa umeumia, lakini sehemu kubwa ilikuwa bado nzima. Leo halimi eneo kubwa kama zamani. Lakini yupo. Anawaona wajukuu wake.

Kumbuka, aspirini haimfai kila mtu. Mwachie tabibu aamue. Kazi yako wewe ni kumfikisha mgonjwa haraka.

Ndugu msomaji, mkulima huyu hakupona kwa bahati. Alipona kwa sababu watu wawili katika nyumba moja walijua jambo moja. Msomee na mwenzako makala hii.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kongosho: kiungo kinachotengeneza insulini.
Insulini: kitu kinachosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini.
Lehemu: mafuta ya ndani ya damu.
Mshtuko wa moyo: sehemu ya moyo kuanza kufa kwa kukosa damu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini moyo, ingawa umejaa damu, unahitaji mishipa ya kuulisha?
2. Taja mambo manne yanayotokea katika mshipa wakati sukari inapozidi.
3. Kwa nini mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kusikia maumivu ya kifua?
4. Katika kijiji chenu, mgonjwa akizidiwa usiku, nani ana chombo cha kumpeleka hospitali? Pangeni sasa, msingoje siku hiyo ifike.